Unakimbia Baridi? Jinsi ya Kuchagua Kati ya Lamu na Malindi, Hatua kwa Hatua

Kila mwaka hunifikia malalamiko ya aina tatu. Mwezi wa Mei anaandika mtu aliyetoka Ulaya: "Tumekuja kuota jua, mbona mvua haikatiki?" Agosti huandika mtu wa Nairobi au Nyahururu: "Pwani imejaa mwani na mawimbi yanawatisha watoto." Krismasi ikifika, wa tatu: "Tuliambiwa maji ya Malindi ni ya samawati, haya ni rangi ya chai ya maziwa."

Wote watatu wamelipa na wamesafiri mbali. Na wote walianza kwa picha ya nyumba nzuri.

Mimi ni mkazi wa Malindi, na upande wa mama ni Lamu, kwa hiyo huwa napokea wageni wa pande zote mbili na lawama za pande zote mbili. Utaratibu ninaowapa jamaa zangu ni huu: chagua upepo kwanza, kisha mji, kisha maji, na nyumba iwe mwisho. Ukiugeuza utaratibu huu, utarudi na picha tatu nzuri na hasira.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ya ukutani inatosha.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa. Tafuta la Kilindini, Mombasa. Saa za Malindi na Lamu haziachani nalo sana.
- Orodha ya wanaosafiri: umri wao, nani anajua kuogelea, nani magoti yanamsumbua. Usiicheke hii ya magoti, tutairudia.
- Tarehe zako mbili: ile unayoitaka, na ile unayoweza kuikubali ikibidi.
- Pasipoti yenye muda wa kutosha. Kama unasafiri kwa pasipoti ya Ulaya au Marekani, jua kwamba tangu Januari 2024 Kenya imeacha viza ya kawaida na kutumia idhini ya kielektroniki, eTA. Iombe mwenyewe kwenye tovuti ya serikali, angalau siku tatu kabla ya safari. Madalali wa mtandaoni watakutoza zaidi kwa kazi ya dakika ishirini.
- Bima ya safari, pamoja na muda wa kuisoma. Sababu iko hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Andika ni baridi gani unayoikimbia

Ziko mbili, na hazikutani katika kalenda.

Baridi ya Ulaya na Marekani ya kaskazini inauma kuanzia Desemba hadi Machi. Baridi ya bara letu, ile ya Limuru, Nyeri na Eldoret, ni ya Juni hadi Agosti, na Julai ndiyo mbaya zaidi. Anayekimbia ya kwanza ataikuta Pwani katika kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini. Anayekimbia ya pili ataikuta katika kusi, msimu wa upepo wa kusini. Pwani ni ile ile, lakini bahari atakazoziona ni mbili tofauti.

Andika pia unachokitaka ukifika: kuogelea, kupumzika tu mwili upate joto, kuona watoto wa ndugu, au kuvua samaki. Mtu anayetaka joto peke yake ana miezi mingi ya kuchagua. Mtu anayetaka maji safi ya kuzamia ana michache.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Tunatoka Leicester mwezi wa Januari, watu wanne, tunataka kuogelea na mama apate jua."

## Hatua ya 2: Linganisha tarehe zako na upepo

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Desemba hadi Machi, kaskazi. Upepo hutoka kaskazini mashariki, bahari inatulia, wavuvi wanatoka na samaki ni wengi sokoni. Januari na Februari mvua Lamu ni kama hakuna. Malindi joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32 na usiku halishuki sana. Kwa anayekimbia theluji, huu ndio msimu wenyewe.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: kuanzia mwisho wa Februari joto huwa zito, na katikati ya Machi jua la adhuhuri hupita utosini kwa sababu tuko nyuzi mbili tatu tu kusini ya ikweta. Mzee aliyetoka kwenye theluji hataweza kulala bila feni. Ukiweza, chagua Januari hadi katikati ya Februari.

Ya pili ni ya Malindi peke yake. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini ya mji, nao hubeba udongo mwekundu wa bara. Mvua za vuli zikinyesha Ukambani mwezi wa Novemba, mto hujaa, na kwa kuwa mkondo wa kaskazi unaelekea kusini, tope lote huletwa ghubani mbele ya mji. Ndiyo ile chai ya maziwa ya Krismasi. Si uchafu wa hoteli na hakuna wa kushtakiwa. Mwaka ambao vuli imekuwa kubwa, usitegemee maji ya samawati Malindi mjini kabla ya Januari. Sogea Watamu, kilomita ishirini na kitu kusini, ambako tope hilo hufika kwa shida.

Aprili hadi Juni, mvua ya mwaka. Mei ndiyo mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, Malindi na Lamu. Hoteli nyingi za Malindi na Watamu hufunga milango kwa ukarabati. Bei zitakuvutia kwa sababu hiyo hiyo. Nilipokuwa kijana nilimshauri binamu yangu aje Mei kwa kuwa tiketi ilikuwa nafuu. Alikaa siku tisa, nane akacheza karata. Mpaka leo akinipigia simu huanza kwa kuuliza hali ya hewa.

Juni hadi Agosti, kusi. Joto la mchana ni nyuzi 27 au 28, na jioni hewa ni ya kupendeza. Mtu wa Limuru atavua sweta akishuka tu. Lakini upepo ni mkali, bahari ya nje ina mawimbi, mwani unalala ufukweni kwa matuta, na manyunyu ya mchoo hupita asubuhi kisha jua hutoka. Njoo kama unataka joto, chakula na usingizi. Njoo pia kama unataka kuona nyangumi, maana Julai hadi Septemba hupita mbele ya Watamu na Malindi. Usije kama lengo lako ni kumfundisha mtoto kuogelea baharini.

Septemba hadi Oktoba, demani. Kusi inalegea, mwani unapungua, joto halijawa kali. Ni siri ya watu wa hapa. Shida ni kwamba baridi ya bara imekwisha na ya Ulaya haijaanza, ndiyo maana wageni ni wachache na nyumba zinapatikana.

Umefaulu hapa ikiwa unaweza kumwambia mwenzako upepo gani utakuwa unavuma siku utakayofika. Ukishindwa, usilipe kitu bado.

## Hatua ya 3: Chagua mji kwa watu ulio nao

Watu huniuliza upi ni mzuri zaidi. Sijibu. Huuliza: unakuja na nani?

Lamu mjini ni vichochoro, ngazi na mawe. Magari karibu hayapo. Mzigo hubebwa na punda au mkokoteni. Nyumba nzuri za kale zina orofa mbili tatu, na upepo mzuri uko juu kabisa, darini chini ya makuti. Sasa unaona kwa nini niliuliza habari ya magoti. Bi mkubwa wa miaka sabini atapanda ngazi hizo mara moja na kubaki chumbani siku zote. Omba chumba cha chini chenye dirisha la kiwanda, yaani ua wa ndani, au mpeleke Malindi.

Jambo jingine: mbele ya mji wa Lamu si pa kuogelea. Ni gati, boti na mafuta ya injini. Ufuo uko Shela, kama kilomita tatu kusini, mwendo wa dakika arubaini kwa miguu au dakika chache kwa boti. Kila msimu nasikia mtu amekodi nyumba mjini akidhani atatoka mlangoni akanyage mchanga.

Shela ina ufuo wa kilomita 12 hivi, vilima vya mchanga upande mmoja na bahari upande wa pili. Ni pazuri kupita maelezo. Lakini ukishapita kona, bahari iko wazi, mwamba wa kuzuia mawimbi hakuna, kivuli hakuna, mwokoaji hakuna. Ogelea karibu na kijiji, na usitembee mbali peke yako.

Malindi ni mji wa tuktuk, soko kubwa, hospitali, barabara na hoteli za kila mfuko. Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi, na utamsikia muuza vinyago akibishana bei kwa Kitaliano kizuri kuliko Kiingereza chake. Kwa familia yenye watoto wadogo, au mzee wa dawa za kila siku, Malindi ni rahisi. Tafuta malazi upande wa Casuarina, kuelekea hifadhi ya bahari, ambako mchanga ni mweupe kuliko wa ghubani.

Watamu ni kwa wanaotaka maji. Ghuba zake zimekingwa na mwamba, mtoto anaogelea bila hofu, na Mida Creek iko nyuma na mikoko yake siku ambazo bahari imechafuka.

Kwa ufupi wa nyumbani kwetu: maharusi na wasomaji wa vitabu, Lamu. Kina bibi na watoto, Malindi. Wazamiaji, Watamu. Vijana wanaotaka muziki mpaka alfajiri, Malindi pia. Lamu watapigiwa ukuta na jirani.

## Hatua ya 4: Tazama kalenda ya watu

Ramadhani kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mnamo tarehe 8 Februari, kutegemea kuandama kwa mwezi, na mwaka unaofuata itaanza mwishoni mwa Januari. Yaani itaangukia katikati ya msimu wako wa kukimbia theluji.

Kwa Mwislamu hii inaweza kuwa neema: futari ya Lamu, tambi na mkate wa mofa, tarawehe, watu barazani mpaka usiku wa manane. Kwa asiyefunga, ajue migahawa mingi mjini Lamu hufungwa mchana, na kula au kuvuta sigara njiani ni utovu wa adabu. Shela na hotelini atahudumiwa. Malindi tofauti haionekani sana.

Maulidi ya Lamu, mwezi wa Mfunguo Sita (Rabiul-Awwal), hujaza mji kwa wageni wa Msikiti wa Riyadha kutoka pwani yote. Ukitaka kuyaona, shika chumba mapema sana. Ukitaka kimya, epuka wiki hiyo. Krismasi na mwaka mpya, kote kuwili, bei hupanda na nyumba nzuri huwa zimeshikwa tangu Agosti au Septemba.

## Hatua ya 5: Soma mwezi, upate maji

Hili sijaliona katika tovuti ya hoteli yoyote, na ndilo linaloamua kama utaogelea.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika karibu mita tatu. Siku hizo, pwani yetu yote, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na saa zimegeuka, yanajaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi. Katikati, kila siku saa husogea mbele kama dakika hamsini.

Tumia hivi:

- Kuzamia na kutazama samaki katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi au ya Watamu, zote zilizotengwa mwaka 1968: nenda maji yakiwa yamepwa. Bamvua ni nzuri, unatoka asubuhi na saa nne uko juu ya matumbawe.
- Kuogelea ufukweni: maji yakiwa yamejaa. Siku za bamvua ni alasiri. Siku za maji mafu ni asubuhi, kabla jua halijawa kali, na hii ndiyo bora kwa watoto.
- Magofu ya Takwa, kisiwani Manda: mashua hupita katika mkono wa bahari wenye mikoko, na hupita maji yakijaa tu. Ukichelewa kutoka utarudi ukikanyaga tope.
- Kutembea Lamu hadi Shela kwa njia ya pwani: maji yakijaa sana njia hufunikwa mahali, itabidi upite juu.

Tahadhari: katika hifadhi za bahari usibebe chupa ya plastiki ya kutumia mara moja. Imepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya tangu Juni 2020. Mifuko ya plastiki ndiyo kabisa, nchi nzima tangu Agosti 2017. Itoe sandukuni kabla ya kupanda ndege.

Fanya jaribio dogo. Chukua siku yako ya tatu Pwani, tazama mwezi katika kalenda, kadiria saa ya maji kujaa, kisha linganisha na jedwali. Ukikosea kwa saa moja au chini, umeelewa kuliko nusu ya wanaouza safari.

## Hatua ya 6: Njia ya kufika

Malindi ina uwanja wa ndege wenye safari kutoka Nairobi. Unaweza pia kushuka Mombasa, kwa ndege au kwa treni hadi Miritini, kisha barabara ya kilomita kama 120, saa mbili hadi tatu.

Uwanja wa Lamu uko kisiwani Manda. Ukishuka unavuka kwa boti. Ndege nyingine ndogo za kutoka Nairobi huruhusu kilo 15 tu, na hupenda mifuko laini kuliko masanduku magumu. Uliza kabla, maana binti wa Ulaya huja na sanduku mbili za zawadi.

Kwa barabara, Malindi hadi Mokowe kupitia Garsen na Witu ni zaidi ya kilomita 200, kisha boti. Kuna vizuizi vya polisi, uwe na kitambulisho mkononi. Safiri mchana. Sehemu za bara za kaunti ya Lamu zimewahi kushambuliwa, na serikali kadhaa za kigeni huwaonya raia wao kuhusu sehemu hizo huku zikivitenga visiwa. Kampuni ya bima hufuata onyo hilo neno kwa neno: inaweza kukulipia ukiumia Shela na kukataa ukiumia njiani Witu. Soma onyo la nchi yako wiki unayolipa, na tena wiki unayosafiri.

## Hatua ya 7: Sasa tafuta nyumba

Picha umeziona. Uliza haya kwa simu, na usikilize kama anajibu au anakuimbia:

1. Dirisha la chumba linatazama wapi? Wakati wa kaskazi nyumba iliyofungwa upande wa kaskazini mashariki ni tanuri.
2. Umeme ukikatika kuna nini?
3. Maji ya bomba ni matamu au ya chumvi? Tangi ni kubwa kiasi gani?
4. Vyandarua vimo, na havina matundu?
5. Ni hatua ngapi kwa miguu mpaka mahali pa kuogelea? Si "karibu na bahari". Bahari iko karibu na kila kitu Lamu.
6. Mpishi yumo katika bei, na pesa za soko nani anatoa?

Omba akupigie simu ya video akitembea kutoka mlangoni hadi majini. Mwenye nyumba ya kweli hatasita. Arubuni lipa sehemu tu, na jina la mpokeaji lilingane na la mwenye nyumba au kampuni. Jamaa yangu mmoja aliwahi kulipia nyumba ya Shela nzima nzima, akafika akakuta mwenyewe yumo anakunywa kahawa na hajui lolote. Picha zilikuwa za kweli; muuzaji ndiye hakuwa.

## Hatua ya 8: Mwili

Wewe uliyezaliwa hapa na kukaa Ulaya miaka kumi, malaria haikujui tena. Kinga uliyokuwa nayo utotoni hupungua ukikaa mbali, na watoto wako hawakuwahi kuwa nayo. Muone daktari wiki nne au zaidi kabla ya safari akupe dawa za kinga, na umeze mpaka mwisho hata kama shangazi atakucheka. Homa yoyote ukisharudi, mwambie daktari ulikotoka.

Jua: siku mbili za mwanzo usikae nje kati ya saa tano na saa tisa.

## Hatua ya 9: Siku ya kufika

Usipange chochote. Jua huzama mapema hapa, kama saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, na mgeni wa Ulaya hushtuka giza likiingia ghafla. Ukifika Lamu, toa pesa mjini kabla ya kwenda Shela, kwa kuwa mashine ni chache. Vaa nguo ya kukusitiri mjini. Ya kuogelea ibaki ufukweni.

Jioni tembea gatini, msalimie nahodha mmoja mtu mzima kwa shikamoo, umuulize kesho maji yanajaa saa ngapi. Linganisha jibu lake na lako. Yakilingana, elewana naye bei ya mashua hapo hapo, saa ya kutoka na saa ya kurudi, na kama chakula kimo. Yasipolingana, mwamini yeye.

Na lile koti la majira ya baridi, liweke juu kabisa ya mzigo wa kurudi. Binamu yangu alilifungia chini ya maembe na mahamri, akashuka uwanjani usiku wa Januari kwa kanzu na kandambili.